Ruby: chombo cha bure kinachobeba maduka na masoko ya mazao

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa la karatasi, likakaa chini ya kaunta au kwenye mfuko wa koti la mwenye mali. Siku hizi madaftari mengi yamehamia ndani ya kompyuta na simu, na mara nyingi mwenye mali hajui yameandikwa kwa lugha gani wala nani ameshika ufunguo wake.

Moja ya lugha zilizoandika madaftari hayo ni Ruby. Jina lake ni la jiwe lile lile la thamani linalochimbwa Longido, mkoani Arusha, lakini rubi hii haichimbwi wala haiuzwi. Ni lugha ya kuiamuru kompyuta, na hutolewa bure kwa yeyote anayeitaka, awe tajiri wa Marekani au kijana mwenye kompyuta ya mtumba mjini Iringa.

Mwaka 2025 Ruby ilitimiza miaka 30 tangu ilipotolewa kwa umma, na Desemba 25 ya mwaka huo likatoka toleo lake la 4.0. Mwaka huo huo jamii ya watumiaji wake ilikumbwa na mgogoro mkubwa kuhusu nani ashike funguo za ghala lao la pamoja. Mgogoro huo hauko mbali na yale ambayo wanachama wa vyama vya ushirika wa mazao wanayafahamu vizuri.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, habari hizi zina uzito kwa sababu moja kubwa. Wengi wao sasa wanauziwa mifumo ya kompyuta ya kutunza mauzo, stoo na madeni, na wanatoa fedha zao bila kujua cha kuuliza.

Ruby ni nini hasa?

Kompyuta haielewi Kiswahili wala Kiingereza. Ili ifanye kazi ni lazima ipewe maelekezo kwa lugha maalumu, na ziko lugha nyingi za aina hiyo. Nyingine ni ngumu kama hesabu za wahandisi, na nyingine zimetengenezwa ili binadamu azisome bila taabu. Ruby ni ya kundi hili la pili.

Chukua mfano wa mkulima mwenye magunia 40 ya mahindi anayetaka kujua atapata kiasi gani akiuza kila gunia kwa shilingi 65,000. Kwa Ruby maelekezo yake ni mistari mitatu tu:

magunia = 40
bei = 65000
puts magunia * bei

Neno «puts» linaiambia kompyuta ionyeshe jibu, nayo hujibu 2600000, yaani shilingi milioni mbili na laki sita. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu anaweza kuisoma mistari hiyo na kuelewa kinachoendelea. Jambo jingine ni kwamba majina ya vitu yanaweza kuwa ya Kiswahili, na kompyuta haitalalamika.

Aliyeibuni lugha hiyo ni Yukihiro Matsumoto, raia wa Japani ambaye wenzake humwita Matz. Alianza kazi hiyo mwaka 1993 na kuitoa kwa umma Desemba 1995. Jina la Ruby lilitokana na jiwe la mwezi wa kuzaliwa la mfanyakazi mwenzake.

Matsumoto ameeleza mara nyingi kuwa nia yake ilikuwa kumfanya mwandishi wa programu aifurahie kazi yake. Wazo lake ni kwamba mashine ndiyo ibebe mzigo mzito, na binadamu abaki na muda wa kufikiri. Kwa miaka mingi sasa imekuwa desturi toleo jipya la Ruby kutoka kila mwaka siku ya Krismasi.

Mji wa pembezoni ulioshika nafasi yake

Huenda funzo kubwa zaidi la Ruby kwa watu wa vijijini na miji midogo linatoka Matsue, mji anaoishi Matsumoto. Matsue ni makao makuu ya mkoa wa Shimane, magharibi mwa Japani, kando ya Ziwa Shinji linalosifika kwa kombe wadogo wanaopikwa supu.

Shimane ni miongoni mwa mikoa yenye watu wachache zaidi nchini Japani. Mkoa mzima hauna hata watu 700,000, na Matsue penyewe pana takriban watu 200,000. Kama ilivyo kwa vijiji vingi duniani, vijana wa huko wamekuwa wakikimbilia miji mikubwa, na wanaobaki wengi ni wazee.

Matsumoto alifika huko mwaka 1997 kufanya kazi katika kampuni ndogo ya programu. Kwa miaka kadhaa lugha yake ilikuwa ikisifiwa Ulaya na Marekani, huku majirani wengi wakiwa hawana habari.

Mwaka 2006 uongozi wa mji uliamua kuitumia bahati hiyo. Ulianzisha mradi wa kuifanya Matsue ijulikane kuwa mji wa Ruby, na kufungua kituo karibu na stesheni ya reli ambako wataalamu, wanafunzi na wafanyabiashara hukutana na kufundishana.

Mwaka 2007 chama cha kusimamia na kueneza Ruby kikaanzishwa huko huko Matsue. Mwaka 2009 mji ukaandaa mkutano wa kwanza wa dunia wa Ruby wa kibiashara, ambao umekuwa ukirudi mjini hapo. Kampuni za kompyuta kutoka nje ya mkoa zikafungua matawi, na madarasa ya kuwafundisha watoto wa shule yakaanza, wakitumia chombo kiitwacho Smalruby kilichobuniwa huko huko.

Aidha, Japani iliifanya Ruby kuwa kiwango rasmi cha taifa mwaka 2011, na mwaka 2012 ikakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Hatua hiyo ni sawa na bidhaa kupewa viwango na TBS ya Tanzania au KEBS ya Kenya. Mnunuzi anapata uhakika kuwa anachopewa leo hakitageuzwa kiholela kesho.

Matsue haikuwa na mgodi wala bandari kubwa ya kuitegemea. Ilikuwa na mtu mmoja na kitu alichokitoa bure, ikajenga juu yake. Mji wowote wenye fundi hodari au zao lisilopatikana kwingine unaweza kujifunza jambo hapo: kitu kinachogawiwa bure kinaweza kuleta ajira kwa wanaokifahamu kuliko wengine.

Duka la michezo lililozaa mfumo

Kwa miaka yake ya mwanzo Ruby ilijulikana na wachache. Mwaka 2004 kijana wa Denmark, David Heinemeier Hansson, alitoa Rails, ambao ni mkusanyiko wa vifaa vilivyotayarishwa kwa Ruby ili kurahisisha ujenzi wa tovuti. Rails ni kama fremu za milango na madirisha zilizokwisha kuchongwa. Fundi hana haja ya kuanza na gogo la mti kila anapojenga nyumba.

Mwaka huo huo Tobias Lütke, Mjerumani aliyekuwa amehamia Ottawa nchini Kanada, alitaka kuuza kwenye intaneti mbao za kutelezea kwenye theluji. Alitafuta programu ya kuendeshea duka lake na hakuridhika na zilizokuwapo. Akachukua Ruby na Rails, vyote bure, akaandika mfumo wake mwenyewe.

Muda si muda yeye na wenzake walitambua kuwa mfumo ule ulikuwa na thamani kuliko mbao walizokuwa wakiuza. Mwaka 2006 waliufungua kwa wafanyabiashara wengine kwa jina la Shopify. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la New York, na leo inahudumia mamilioni ya wauzaji katika nchi nyingi duniani.

Wapo waliofaidika na kazi za bure za wengine kisha wakasahau walikotoka. Shopify imerudisha sehemu ya ilichovuna. Wahandisi wake ndio waliotengeneza kifaa cha kuiongezea Ruby kasi, kiitwacho YJIT, kikaingizwa katika toleo la Desemba 2021 ili kila mtu akitumie bila malipo. Ni kama mkulima aliyekopa mbegu kwenye ghala la kijiji, akavuna vizuri, akarudisha mbegu bora kuliko alizochukua.

Huduma nyingine zilizoanzia kwenye Rails ni Twitter, iliyofunguliwa mwaka 2006, pamoja na Airbnb na GitHub, zote mbili za mwaka 2008.

Soko la mazao linalohesabu kabla ya kuvuna

Kwa wakulima, mfano ulio karibu zaidi unatoka Australia. Mwaka 2012 wanawake wawili, Kirsten Larsen na Serenity Hill, waliasisi taasisi iliyozaa mfumo uitwao Open Food Network. Umeandikwa kwa Ruby na Rails, na kazi yake ni kuwaunganisha wakulima wadogo na walaji bila mlolongo mrefu wa madalali.

Mfumo huo unaendeshwa kwa mizunguko ya oda. Kila mkulima huorodhesha alichonacho, kiasi na bei anayotaka mwenyewe. Kikundi kinachoendesha soko hutangaza siku ya kufungua oda na siku ya kufunga. Wateja huchagua na kuagiza ndani ya muda huo, na mzunguko ukifungwa kompyuta hujumlisha.

Hapo ndipo faida inapoonekana. Mkulima wa mchicha hupata orodha inayoonyesha kuwa wateja wameagiza mafungu 34, hivyo alfajiri huchuma mafungu 34. Mwenye mayai hujua apeleke trei ngapi, na mwenye nyanya hajazi matenga kwa kubahatisha. Mazao hupelekwa kituoni siku iliyopangwa, hugawanywa kwa majina, na wateja huja kuchukua.

Yeyote aliyewahi kurudi na matenga ya nyanya zilizolainika kutoka sokoni anaelewa uzito wa jambo hilo. Hasara nyingi za mboga na matunda hutokana na kuvuna kabla ya kujua mnunuzi yuko wapi.

Jambo la pili ni uwazi wa makato. Gharama za kituo, za usafiri na za kuendesha mfumo huwekwa kama ada zinazojulikana juu ya bei ya mkulima. Mlaji anaweza kuona ni kiasi gani kinakwenda shambani na kiasi gani kinabaki njiani.

Mfumo huo ni programu huria. Kikundi cha nchi nyingine kinaweza kuuchukua, kuutafsiri na kuubadili, kwa sharti kwamba wanaoutumia nao wapate maboresho yaliyofanywa. Kwa njia hiyo umeenea Uingereza, Ufaransa, Kanada na kwingineko. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga masoko na migahawa, wakulima wengi wa nchi hizo waliukimbilia.

Nchini Ufaransa kuna mfumo mwingine wa Ruby uitwao Ekylibre, ambao ni daftari kamili la shamba. Huandika kila kipande cha ardhi kilipandwa nini, kiliwekwa mbolea gani na lini, stoo imebaki na nini, na hesabu za fedha zinasemaje. Mkulima akimaliza msimu anaweza kujua ni shamba lipi lilimlipa na lipi lilimla.

Roboti ghali na kipima joto cha bei nafuu

Upo pia ufundi wa kuipeleka Ruby shambani kabisa. Mmarekani Rory Aronson alichapisha mwaka 2013 wazo la roboti ya bustani, na kuanzia mwaka 2016 ikaanza kuuzwa kwa jina la FarmBot. Roboti hiyo hutembea juu ya reli zilizowekwa kwenye tuta, hupanda mbegu, humwagilia na kupambana na magugu. Tovuti anayotumia mwenye bustani kuipangia kazi imeandikwa kwa Rails.

Hata hivyo, bei yake ni ya maelfu ya dola na hutunza tuta la bustani tu. Mkulima mdogo hana sababu ya kuhangaika nayo kwa sasa.

Kinachoweza kumfaa zaidi ni kidogo na hakina sifa nyingi. Mwaka 2012 Matsumoto na wenzake walitoa mruby, yaani Ruby iliyopunguzwa ili ikae ndani ya vifaa vidogo. Baadaye mkoa wa Shimane kwa kushirikiana na chuo kikuu cha teknolojia cha Kyushu ukaleta mruby/c, inayohitaji makumi machache tu ya kilobaiti za kumbukumbu. Nyingine ya jamii hiyo ni PicoRuby, inayofanya kazi kwenye kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho Raspberry Pi Pico, ambacho kilipoingia sokoni mwaka 2021 kiliuzwa dola 4.

Kibao cha namna hiyo kikiunganishwa na kipima joto na unyevu kinaweza kulinda vifaranga, banda la uyoga au ghala la nafaka. Joto likizidi kiwango kilichowekwa, taa huwaka au king'ora hulia. Fundi wa redio wa mjini mwenye moyo wa kujifunza anaweza kukiunda.

Afrika Mashariki haiko nyuma

Nairobi ndipo penye jumuiya yenye nguvu ya watumiaji wa Ruby katika ukanda huu. Kikundi chao kinaitwa Nairuby, na mwaka 2017 jiji hilo lilipokea mkutano wa RubyConf Kenya. Mwaka 2024 ulifanyika hapo mkutano wa Ruby wa Afrika.

Kampuni za Kenya zinazowahudumia wafanyabiashara nazo zimetoa vifaa vya kuunganisha programu za Ruby na huduma zao. Kopo Kopo, inayowawezesha wenye maduka kupokea malipo ya simu, ina kifurushi cha aina hiyo. Africa's Talking, inayohusika na ujumbe mfupi wa simu na huduma nyingine za mawasiliano, pia inacho.

Maana yake ni kwamba kijana anayeandika mfumo wa duka hana haja ya kuanza mwanzo. Anachukua kifurushi, anaandika mistari michache, na mteja akilipa kwa simu deni linafutika daftarini. Mkulima mwenye simu ya tochi anaweza kutumiwa ujumbe wa bei ya siku bila kuwa na intaneti.

Nchini Malawi, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi ulijengwa kwa Rails, ukatumiwa kwenye hospitali na kliniki kwa skrini za kugusa. Hiyo inaonyesha kuwa chombo hiki kinaweza kuhimili mazingira ya Afrika kikisimamiwa vizuri.

Ghala la vito na funguo zake

Nguvu ya Ruby iko kwenye kushirikiana. Mtu akitatua tatizo, kwa mfano kuhesabu kodi au kuchapa risiti, hufunga kazi yake kwenye kifurushi kinachoitwa kito na kukiweka kwenye ghala la pamoja liitwalo RubyGems. Wazo la ghala hilo lilianza mwaka 2003 na likafunguliwa mwaka 2004. Leo lina vito zaidi ya 150,000, na yeyote anaweza kuchukua bure.

Lakini ghala la wote huwavuta wezi pia. Agosti 2019 mwizi aliingia kwenye akaunti ya mmoja wa watunzaji wa kito maarufu kiitwacho rest-client, ambayo ilikuwa imelindwa kwa neno la siri la zamani lililotumika pia kwingine. Akaweka toleo lenye sumu, lililoweza kuchota siri za tovuti zilizolipakua. Uovu huo uligunduliwa na toleo hilo likaondolewa. Kuanzia Agosti 2022 watunzaji wa vito vinavyopakuliwa zaidi walilazimika kuthibitisha utambulisho wao kwa hatua mbili.

Mwenye duka naye ana la kujifunza hapo. Namba ya siri moja kwa simu, barua pepe na mfumo wa mauzo ni sawa na ufunguo mmoja kwa nyumba, stoo na sanduku la fedha.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Septemba 2025. Ruby Central, taasisi ya Marekani isiyotengeneza faida inayoendesha ghala hilo, ilichukua udhibiti wa mahali zinapotunzwa programu za ghala, na watunzaji waliokuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi wakajikuta hawana tena ruhusa ya kuingia. Taasisi ilisema inaimarisha usalama. Watunzaji walisema wamenyang'anywa kazi ya mikono yao bila kushirikishwa.

Mabishano yalikuwa makali. Baadhi ya watunzaji walijiuzulu, na Oktoba kundi lao likafungua ghala jingine kwa jina la gem.coop, jina lenyewe likiashiria ushirika. Oktoba 17, 2025 Matsumoto alitangaza kuwa kikosi kikuu cha Ruby kitachukua uangalizi wa programu hizo, huku Ruby Central ikiendelea kushiriki katika kuzisimamia na kuliendesha ghala lenyewe.

Wakati wote huo vito viliendelea kupatikana na maduka hayakufungwa. Lakini jamii ilijifunza kwa uchungu kile ambacho vyama vingi vya ushirika hujifunza vikiwa vimechelewa. Kwa miaka mingi watu walifanya kazi kwa kuaminiana, bila kuandika wazi nani ni mmiliki, nani ni mtunzaji, na nani ana haki ya kumwondoa mwenzake. Kuaminiana kulipoyumba, hakukuwa na karatasi ambayo pande zote mbili ziliikubali.

Kasoro zake

Ruby si dawa ya kila ugonjwa. Kwa miaka mingi imelaumiwa kuwa na kasi ndogo kuliko lugha nyingine. Twitter, iliyoanzia kwenye Rails, ilihamisha sehemu kubwa ya mitambo yake kwenda lugha nyingine baada ya watumiaji kufurika. Kasi ya Ruby imepanda sana tangu wakati huo, na kwa duka la mtaa au chama cha msingi cha ushirika tatizo hilo halionekani.

Kasoro iliyo nzito zaidi kwa mteja ni upatikanaji wa mafundi. Waandishi wa programu wanaoijua Ruby ni wachache kuliko wanaojua PHP, Python au JavaScript. Mwenye mfumo wa Ruby akiachana na fundi wake, huenda akachukua muda kumpata mwingine.

Kadhalika, neno bure linahitaji kueleweka. Lugha ni bure na vito ni bure, lakini fundi analipwa, seva inalipiwa, intaneti na umeme vina bei. Rails toleo la 8 la Novemba 2024 limejaribu kupunguza mzigo huo kwa kuwezesha mfumo mdogo kuendeshwa kwenye seva moja ya kawaida, bila kukodi huduma nyingi za pembeni.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mfanyabiashara au kiongozi wa kikundi anayeletewa mfumo wa kompyuta, uwe wa Ruby au wa lugha nyingine, hahitaji kuwa mtaalamu. Anahitaji majibu ya maswali yafuatayo, yaandikwe kwenye mkataba:

1. Kumbukumbu za mauzo, wateja na madeni ni mali ya nani, na mwenye duka anaweza kuzichukua zote wakati wowote zikiwa katika hali inayosomeka?

2. Maelekezo ya programu yenyewe yatakabidhiwa kwa mteja, ili fundi mwingine aendelee nayo wa kwanza akifariki, akihama au wakigombana?

3. Jina la tovuti na akaunti ya seva vimesajiliwa kwa jina la mteja au la fundi?

4. Mfumo utasasishwa mara ngapi? Kila toleo la Ruby huhudumiwa kwa takriban miaka mitatu tu, na baada ya hapo matundu ya usalama hayazibwi tena.

5. Nakala za kumbukumbu huwekwa wapi, na lini mara ya mwisho mtu alijaribu kuzirudisha kuona kama zinafanya kazi?

6. Umeme au intaneti ikikatika siku ya soko, kazi itaendeleaje?

Fundi mwaminifu hatakasirika akiulizwa hivyo. Anayejibu kwa mkato, au anayesema mteja asijisumbue na mambo ya kitaalamu, amekwisha kutoa jibu.

Kwa vijana wanaotaka kuingia kwenye fani hii, mlango uko wazi. Ruby hupakuliwa bila malipo na hufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, na mistari mitatu ya magunia na bei iliyoonyeshwa hapo juu inatosha kuwa somo la kwanza. Hatua inayofuata ni kuongeza gharama za mbegu, mbolea na usafiri, ili kompyuta ionyeshe faida halisi badala ya mauzo matupu.

Kikundi cha wakulima 20 kinachotaka kujaribu soko la oda hakilazimiki kuanza na kompyuta. Kinaweza kuendesha mzunguko mmoja kwa daftari na simu: kutangaza siku ya kufunga oda, kujumlisha, kisha kuvuna kilichoagizwa tu. Mzunguko huo ukienda vizuri kwa msimu mmoja, ndipo kutafuta fundi kunakuwa na maana, kwa sababu kikundi kitakuwa kinajua hasa kinachotaka mashine iwafanyie.